Meza ya Kuhesabia Sadaka

Sadaka watu wanaijua inapoingia kapuni. Sisi tuliowahi kuwa wazee wa kanisa tunaijua inapotoka. Ibada ikiisha, baraka zikishatolewa na watu wakamiminika nje, makapu hupelekwa ofisini na kumwagwa mezani. Mlango unafungwa kwa komeo, kazi inaanza. Noti za elfu kumi huku, za elfu tano kule, elfu mbili, elfu moja, kisha sarafu zinapangwa kumi kumi. Mmoja anahesabu, wa pili anarudia, mtunza hazina anaandika daftarini, wote tunatia saini. Ukitafuta utakatifu katika kazi hiyo utachoka. Noti nyingine zinanuka vitunguu, nyingine zimekunjwa mpaka zikalingana na punje ya hindi, na haipiti miezi mingi bila mtu kututumbukizia kifungo cha shati.

Nimekaa kwenye meza hiyo miaka mingi, katika mtaa mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, huku Old Moshi, kwenye Mlima Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Niliingia nikiwa bado nafundisha shule ya msingi, nikatoka nimeshastaafu. Mahubiri kuhusu shukrani, unyenyekevu na ukarimu nimeyasikia mengi, na semina za utoaji nimekaa mpaka miguu ikafa ganzi, lakini mambo hayo matatu niliyaona yakifanya kazi pale mezani na pale nje kwenye mnada. Ndiyo maana nayaandika.

Kwa msomaji asiyejua mambo ya huku, niseme kidogo. Mlimani kwetu dhehebu la mtu unaweza kulibahatisha ukijua tu alikozaliwa. Wamisionari wa Leipzig waliingia Machame mwaka 1893, na mapadre wa Roho Mtakatifu nao wakajenga Kilema na Kibosho. Mpaka leo ukikutana na mtu wa Kibosho unamwamkia kwa "Tumsifu Yesu Kristo", wa Machame unamwambia "Bwana Yesu asifiwe", na ndoa za kuvuka mpaka bado zinaitisha vikao. Old Moshi ni Walutheri. Usharika wetu una mitaa kadhaa, kila mtaa una mwinjilisti wake na wazee wake, na ndani ya mtaa kuna jumuiya zinazokutana nyumba kwa nyumba. Sadaka ni za kila namna: ya kawaida ya Jumapili, ahadi ya mwaka, ya jengo, ya mavuno, na ile ya shukrani inayokuja kwenye bahasha.

Hizo bahasha za shukrani ndizo zilizonifanya niipende kazi. Juu ya bahasha mtu anaandika jina lake, kiasi, na sababu. Zikishafunguliwa, mzee wa zamu huzisoma kwenye matangazo ya Jumapili inayofuata, kama zilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. "Namshukuru Mungu kwa mtoto wangu kupata mkopo wa chuo." "Kwa ng'ombe kuzaa salama." "Kwa kesi ya shamba kwisha bila damu." "Kwa kutoka hospitali ya KCMC nikitembea kwa miguu yangu." Kulikuwa na mzee mmoja wa jumuiya ya chini ambaye kila mwisho wa mwezi alileta elfu mbili, na sababu yake haikubadilika: kwa kulala na kuamka. Vijana wa kwaya walikuwa wanacheka kila ikisomwa. Siku alipokosa kuamka, ule mwezi ulipoisha, matangazo yalisomwa mpaka mwisho, na yule kijana aliyekuwa anacheka kuliko wote akaangalia chini.

Zipo pia shukrani zinazotembea kifua mbele. "Familia yetu inamshukuru Mungu kwa kutuwezesha kumaliza nyumba ya ghorofa huko Goba, kununua gari la pili, na mtoto wetu aliyeko Canada kupata kazi nzuri." Elfu kumi. Mzee wa zamu hana ruhusa ya kupunguza ghorofa hata moja. Anasoma, na pale benchi la tatu unamsikia shemeji yao anakohoa. Nilikuwa naudhika na hizo, baadaye nikapunguza kuudhika. Mtu aliyekulia chini ya nyasi, aliyekwenda shule pekupeku kwenye baridi ya Julai, akijenga ghorofa atamwambia nani kama si watu waliomwona pekupeku? Afadhali aje aseme kanisani akimtaja Mungu kuliko aseme baa akijitaja mwenyewe. Elfu kumi yake tu ndiyo niliyokuwa naisikitikia.

Halafu kuna wanaoficha jina na kuandika "msharika mmoja", yaani muumini mmoja wa usharika. Hawa wanalichukua neno la Mathayo sita kama lilivyo, kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Tatizo lao lilikuwa mimi. Nusu ya mtaa niliwafundisha kuandika, na mwandiko wa mtu niliyemsahihishia madaftari naujua hata akitumia mkono wa kushoto. Kwa hiyo nilikuwa najua. Nilijua kwamba yule mama anayeuza nyanya kituo cha daladala, ambaye kila mtu anamwita mchoyo kwa sababu haongezi hata moja juu ya fungu, ndiye "msharika mmoja" aliyelipia sare za watoto wawili wa jirani zake, miaka miwili mfululizo. Watu wakimsema mbele yangu ilinibidi nimeze mate. Mzee wa kanisa anafungwa mdomo na nafasi yake, na kufungwa mdomo ukiwa na habari nzuri ni kugumu kuliko ukiwa na habari mbaya. Aliyeona namna hiyo ya kutoa hawezi tena kusema kwa urahisi kwamba fulani hana moyo wa kutoa. Huwezi kujua. Mimi mwenyewe niliyekuwa najua nilijua ya wale tu ambao mwandiko wao ulipita kwangu.

Sarafu nazo zina habari zake. Zamani mia tano ilikuwa noti. Mtu mwenye mia tano aliikunja, akaiweka kapuni, ikatua kimya kama noti ya elfu kumi. Ilipotoka sarafu ya mia tano mwaka 2014, kapu likaanza kusema. Aliye benchi la nyuma anasikia nani ametoa nini. Baada ya muda tukaanza kukuta sarafu zimeviringishwa kwenye vipande vya karatasi za daftari, nyingine kwenye majani. Mtunza hazina aliona ni usumbufu, akataka litolewe tangazo kwamba watu wasifunge sarafu. Mwinjilisti wetu, mtu mpole wa maneno machache, akauliza tu: kuzifungua kunatuchukua dakika ngapi? Tangazo halikutolewa. Watu wakaendelea kufunga, sisi tukaendelea kufungua.

Baba yangu alitoa sadaka kwa kahawa. Wa rika langu wanakumbuka: ukipeleka kahawa chama cha msingi unapata malipo ya kwanza, halafu unasubiri ya pili, na yakibaki mabaki unashukuru. Malipo ya pili yalikuwa sikukuu. Ada, mabati, suti ya Pasaka, vyote vilisubiri malipo ya pili, na Jumapili inayofuata baba alikwenda mbele na noti nzima, viatu vinang'aa. Kisha ule mkataba wa kimataifa wa kahawa ukavunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka, na watu waliozoea kujivunia KNCU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1933, wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Baba hakung'oa yote. Lakini sadaka yake ikawa mkungu wa ndizi mshare, na miaka mingine hata mkungu haukujaa vizuri. Alipita njia ile ile katikati ya mabenchi, viatu vimepakwa rangi vile vile, mkungu begani. Mimi nikiwa binti mwenye aibu nilitamani apite pembeni. Yeye aliona hana sababu. Mungu aliyepokea kahawa alikuwa anapokea ndizi, basi.

Mkungu ule uliishia mnadani, na hapa naomba nikae kidogo, maana mnada wa kanisani ndio chuo chenyewe.

Aliye na pesa anatoa pesa; asiye nayo analeta alichovuna. Mayai yaliyofungwa kwenye majani makavu ya mgomba, maziwa kwenye chupa ya soda, parachichi, magimbi, kisado cha maharage, kuku aliyefungwa miguu, na kipindi cha kiangazi hata mzigo wa majani ya ng'ombe, ambao kwetu tunaofugia ndani una thamani kuliko mtu wa mjini anavyodhani. Vitu vinapitishwa mbele, vinaombewa, na baada ya ibada vinapigwa mnada pale nje ili vigeuke fedha. Mnadi wetu alikuwa kondakta wa basi aliyestaafu. Sauti yake ilizoea kushindana na injini. "Elfu mbili mara ya kwanza! Elfu mbili mara ya pili! Jamani, hili parachichi limeimbiwa na kwaya!"

Mgeni anaweza kuona ni mchezo tu, lakini ule mchezo una adabu zake. Mtu akinunua kitu anaweza kusema "nakirudisha", na kinauzwa tena. Au anasema "mpelekeeni bibi fulani", na bibi fulani anakwenda nyumbani na kuku bila mtu kuja kumgongea mlango na kumwambia tumekuletea msaada. Amepewa mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwona kama ombaomba, kwa kuwa wiki iliyopita mchungaji naye alipewa vile vile, na wiki ijayo atapewa mwalimu wa kwaya.

Yule kondakta alikuwa na siri moja niliyoigundua baada ya muda. Alipanga vitu. Vidogo kwanza: mayai, limau, fungu la mchicha. Jogoo na mbuzi aliwaacha mwisho kabisa. Nilidhani ni kupandisha joto. Siku moja nikamuuliza. Akasema, "Mwalimu, ukianza na mbuzi, wenye mia tano wanaondoka. Wakiondoka wenye mia tano, nitamuuzia nani mchicha?" Hajawahi kusomea theolojia na kitabu cha nyimbo anashika juu chini, lakini nimewaona viongozi wengi wakipanga changizo na wachache sana wakifikiria hilo.

Desemba mambo yanabadilika. Wachaga wanapanda mlima. Magari kutoka Dar yanajaa mpaka barabara ya kanisani inafungwa. Mnada wa Krismasi unaweza kuingiza fedha ambazo mtaa hauzioni mwaka mzima. Jogoo mmoja anazunguka mikono sita, kila anayemnunua anamrudisha, na bei inapanda kwa kushindana kati ya Kariakoo na Mwenge. Sisi wenyeji tunageuka watazamaji. Sina ugomvi na fedha hizo. Mabati yaliyo juu ya vichwa vyetu yametokana nazo, na mtu anayeondoka Dar na foleni zake kuja kushindania jogoo kanisani kwao hajasahau kwao. Ila nilikuwa natazama nyuso za watu wa mtaani. Mwezi Agosti, kwenye sikukuu ya mavuno, wao ndio waliokuwa watoaji. Desemba wanapiga makofi.

Krismasi moja bibi mmoja alileta mayai manne. Kijana wa hapa hapa, anayefanya biashara Dar, akapaza sauti: "Elfu hamsini!" Watu wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga. Niliona amemfunika yule bibi. Mayai yake yamekuwa ngazi ya mtu mwingine kupandia. Elfu mbili ingetosha, ingekuwa bei ya mayai, na zawadi ingebaki kuwa ya bibi. Nikayasema hayo kwa mwenzangu tukihesabu. Kumbe bibi mwenyewe ana habari nyingine. Mpaka Pasaka alikuwa bado anawahadithia watu kwamba mayai yake ndiyo ghali kuliko yote yaliyowahi kutagwa Old Moshi, na kwamba kuna futi mbili za ukuta wa ofisi ambazo ni za kuku wake. Sijabadili mawazo yangu kuhusu yule kijana. Lakini tangu hapo nikiona fahari ya mtu imeguswa, kabla sijaumia kwa niaba yake, namuuliza kwanza.

Bibi huyo huyo ndiye aliyenifundisha somo kubwa.

Kila Januari tunagawa bahasha za ahadi. Kila msharika ana namba yake, na namba hiyo inamfuata mwaka hadi mwaka. Desemba moja baraza la wazee lilikaa likaona kwamba kuna wazee wasiojiweza walio kwenye orodha ya diakonia, huduma ya kanisa kwa wahitaji, wanaopelekewa mchele, sukari na sabuni wakati wa sikukuu. Ikasemwa kwamba haipendezi kumpa mtu kilo mbili za mchele kwa mkono mmoja na kumdai ahadi ya jengo kwa mkono wa pili. Hoja ilikuwa ya huruma, hakuna aliyeipinga. Bahasha zao hazikuchapwa.

Jumapili ya kugawa, bibi alinisubiri nje, fimbo mkononi, kitambaa cha umoja wa wanawake kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Bahasha yangu iko wapi?"

Nikamweleza taratibu, kwa maneno mazuri, kwamba wazee wameona wampumzishe.

"Nani amewaambia nimechoka?"

"Ni kukupunguzia mzigo tu, mama."

"Mzigo gani? Mimi nimepata kipaimara kabla KKKT haijaitwa KKKT." Na ni kweli. Makanisa saba ya Kilutheri yaliungana mwaka 1963, Askofu Stefano Moshi akawa mkuu wa kwanza, na bibi wakati huo alikuwa ameshaolewa. "Nimetoa kahawa, nimetoa ndizi. Mchanga wa kujengea hapo uliposimama nimeubeba kwa kichwa. Leo mnanipa mchele halafu mnanifuta. Chukueni mchele wenu, mniachie namba yangu."

Sikuwa na jibu. Nikampelekea mwinjilisti. Jumamosi iliyofuata, kabla ya ajenda, akatusomea Wakorintho wa pili, sura ya nane, pale Paulo anapoyasema makanisa ya Makedonia: kwamba walikuwa katika umaskini mkubwa, na wao ndio waliomsihi sana wapate neema ya kushiriki kuwahudumia watakatifu. Akafunga Biblia, hakuhubiri. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba kifungu hicho amekisikia maisha yake yote na hakuwahi kuona kwamba wanaosihi hapo ni wale wenye njaa. Bahasha zikachapwa. Bibi akaahidi elfu moja kwa mwezi, na mchele akaendelea kuupokea bila maneno.

Wapo watakaosema alikuwa anaogopa kuzikwa bila mchungaji, maana huku mtu akifa swali la kwanza ni kama alikuwa msharika hai. Huenda hofu hiyo ilikuwepo. Ipo kwa wengi, siipendi, na nadhani makanisa yetu yangefanya vizuri kuiondoa waziwazi badala ya kuiacha itukusanyie ahadi. Lakini nilimtazama usoni siku ile. Aliyesimama mbele yangu hakuwa mtu anayeogopa kaburi. Alikuwa mtu aliyenyang'anywa kitu. Tulikuwa tumemwambia, kwa upole kabisa, kwamba kuanzia sasa yeye ni wa kupewa tu.

Hapo ndipo ninapoachana na semina nyingi za utoaji. Zinamfundisha mwenye nacho kutoa, kana kwamba hapo ndipo ugumu ulipo. Mwenye nacho kutoa hakumpi shida sana. Anatoa, anashukuriwa, anarudi kukaa. Shida yake ni kupewa na asiye nacho. Anajikunyata, anasema "hapana, mama, kaa nacho utakihitaji", anadhani huo ndio unyenyekevu. Bwana Yesu alikaa kulielekea sanduku la hazina akamwona mjane akitia senti mbili. Aliwaita wanafunzi waone. Hakumkimbilia kumrudishia.

Kupokea kulinifikia mimi nilipofanyiwa upasuaji wa goti. Nilikuwa na ng'ombe wawili na sina mtu wa kudumu. Akina mama wa jumuiya walijipanga bila kuniuliza: huyu mtori, huyu kufua, huyu maji. Bruno Gutmann, mmisionari aliyekaa Kidia, hapa hapa Old Moshi, mpaka alipoondoka mwaka 1938, alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vitu ambavyo Injili imevikuta na haina sababu ya kuvibomoa. Watu wamemkosoa kwa mengi, lakini nikiwa kitandani na goti limefungwa, nikisikia wanawake wanabishana jikoni kwangu kuhusu chumvi, nilimuelewa.

Akina mama niliwapokea vizuri, kwa sababu nilijua nami nitawarudishia. Bakuli likija na mtori linarudi na kitu ndani. Aliyenishinda ni mtu mwingine. Kuna kijana, sasa ni mtu mzima, ambaye mtaa mzima unamjua kwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Kanisani haonekani. Huyo akaanza kuleta majani ya ng'ombe wangu kila asubuhi, mzigo mzuri uliokatwa ukingoni mwa mfongo, mfereji wetu wa maji, anautupa zizini na kuondoka. Nikamtuma dada yangu ampe hela. Akakataa. Nikamtuma tena na hela zaidi, akaacha kupita mbele ya mlango, akawa anapitia nyuma. Dada yangu akaniambia, "Mwache. Unamfukuza." Nilipoanza kutembea kwa mkongojo nilimvizia zizini.

"Baba, huu mzigo nikulipe nini?"

"Mwalimu, darasa la tatu nilikuwa sina daftari. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Daftari ni kitu mwalimu anachotoa na kusahau jioni ile ile. Yeye alikuwa ametembea nalo miaka yote hiyo, kwenye mbege na penginepo, akitafuta pa kuliweka.

Nilipopona nikapeleka bahasha ya shukrani kama mila ilivyo, na kwenye sababu nikaandika jina lake na kazi aliyoifanya. Likasomwa kanisani. Mabenchi yakageukiana. Habari ikamfikia kilabuni kabla sijafika nyumbani, na tulipokutana njiani akaniuliza nilitoa shilingi ngapi. Nikamtajia. Akacheka mpaka akashika mgomba. "Mwalimu, si ungeninunulia mbege!" Mpaka leo haji kanisani, na majani akiyapata mazuri bado anayatupa zizini.

Kabla sijamaliza zamu yangu ya uzee wa kanisa nilileta jambo moja barazani. Daftari letu lilikuwa linaandika: mnada, kiasi fulani. Jumla tu. Mayai, magimbi, maziwa, mzigo wa majani, vyote vinayeyuka ndani ya tarakimu moja, na katika vitabu anayeonekana ni aliyenunua, aliyetoa haonekani kabisa. Nikaomba tuongeze safu: kitu gani kimeletwa na nani, kiandikwe kabla hakijauzwa. Mjadala ulikuwa mrefu kuliko nilivyotegemea. Wengine walisema ni kazi ya ziada, na mmoja, kwa hoja nisiyoweza kuidharau, akasema tunarudisha majina kule ambako Yesu aliyatoa. Mwisho tukakubaliana kwamba daftari lisisomwe hadharani. Liwepo tu, na asiyetaka jina aandikwe "msharika mmoja".

Siku hizi kuna lipa namba. Vijana wanatoa sadaka kwa simu wakati kwaya inaimba, na kapu linapita mbele yao wakiwa wameinama kwenye kioo. Usiwafikirie vibaya, wengi wao kweli wanatuma. Mtunza hazina mpya ni binti aliyesoma uhasibu, anataka kila kitu kiingie kwenye kompyuta, na mahesabu yake ni masafi kuliko yetu. Safu ile tu ndiyo inayomsumbua. Juzi alinifuata nyumbani na daftari mkononi, akaniwekea kidole kwenye mstari wa Jumapili iliyopita: mayai sita, magimbi manne, maziwa lita moja na nusu, majani mzigo mmoja.

"Mwalimu," akaniuliza, "hapa chini kwenye jumla naandika nini?"

Nikamwambia aache wazi.